Kuandika Mtandaoni Wasomaji Wakiwa Bado Wachache: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo waandishi wa mtandaoni huyarudia, aghalabu baada ya miezi kadhaa ya kuchapisha bila idadi ya wasomaji kupanda kama walivyotarajia. Yameanza na mambo ya msingi na kuishia na hali zinazowapata wachache. Kila jibu linajitosheleza, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini wasomaji huongezeka polepole hata pale makala zinapokuwa nzuri?

Kwa sababu ubora wa makala ni jambo moja, na makala hiyo kumfikia msomaji ni jambo jingine. Tovuti changa haina njia za kuingilia: hakuna kurasa nyingine zenye viungo vinavyoelekeza kwake, injini za utafutaji bado hazina cha kuipimia, na hakuna wasomaji wa zamani wa kuwatumia wenzao makala. Mwongozo wa Google kwa wenye tovuti unasema wazi kwamba mabadiliko mengine huonekana katika matokeo ya utafutaji baada ya saa chache, na mengine huchukua miezi kadhaa.

Sababu ya pili ni kwamba umaarufu huzaa umaarufu. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alieleza jinsi wanasayansi waliokwisha kujulikana wanavyozidi kupewa sifa kuliko wenzao wasiojulikana, hata kwa kazi zinazolingana. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha watu zaidi ya 14,000 waliosikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waliogawiwa makundi yanayoonyeshwa idadi ya watu waliokwisha kupakua kila wimbo walikimbilia nyimbo zilizokuwa zikiongoza, na pengo kati ya zilizovuma na zilizopuuzwa likawa kubwa zaidi. Hata hivyo, zilizoongoza katika kundi moja hazikuwa lazima zile zilizoongoza katika kundi jingine. Nyimbo bora kabisa mara chache zilishindwa, na mbaya kabisa mara chache zilifaulu, lakini zilizobaki katikati zingeweza kuangukia popote. Sehemu kubwa ya kinachoandikwa mtandaoni, pamoja na makala nyingi nzuri, iko hapo katikati.

2. Inachukua muda gani kupata wasomaji wa kutosha?

Hakuna muda maalumu, na anayekutajia idadi ya miezi kwa uhakika kwa kawaida ana kozi anayoiuza. Muda hutegemea mada, njia ambayo wasomaji huijia, na bahati iliyoelezwa katika swali la 1. Swali lenye faida zaidi ni kama makala zako za zamani bado zinapata msomaji mmojammoja. Zikiwa zinapata, kila makala mpya inaongezwa juu ya msingi uliopo. Zikiwa zinakufa siku ya tatu, unaanza upya kila mara, na kungoja zaidi hakutabadili hali hiyo.

3. Nimeishiwa ari kabisa. Nianzie wapi?

Anza kwa kutafuta ni kipi hasa kilichopungua. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaeleza kwamba mtu huendelea na kazi kwa hiari yake pale mahitaji matatu yanapotimizwa: kujiona ana uhuru wa kuamua, kujiona anaimudu kazi, na kujiona ana watu anaohusiana nao. Mwandishi mwenye wasomaji wachache kwa kawaida ana uhuru tele, kwa kuwa hakuna mhariri wa kumwamuru. Kinachomkauka ni hayo mengine mawili, kwa sababu ameiachia idadi ya wasomaji kazi ya kumwambia kama anaandika vizuri na kama kuna mtu upande wa pili.

Mahitaji hayo yanaweza kutimizwa kwingine. Umahiri hupimwa kwa kazi yenyewe: chukua makala uliyoiandika mwaka mmoja uliopita, soma mwanzo wake kwa sauti, kisha utazame kama leo ungeianza hivyo. Ukigundua kwamba aya tatu za kwanza zilikuwa zikizungukazunguka kabla ya kuifikia hoja, na kwamba siku hizi unaifikia katika sentensi ya pili, hayo ni maendeleo ambayo hakuna jedwali la takwimu litakalokuonyesha. Uhusiano nao hauhitaji maelfu ya watu. Unahitaji wawili au watatu wanaoandika pia, mnaosomeana rasimu kwa zamu na kuambiana ukweli bila kuoneana haya. Waandishi wengi hulidharau kundi dogo la namna hiyo kwa kuwa haliongezi idadi yoyote, ilhali mara nyingi ndilo linalowarudisha mezani.

Maneno ya kutiana moyo yana nafasi yake, lakini hayadumu. Hata methali ya subira huvuta heri haimwambii mtu afanye nini asubuhi ya kesho. Kwa hiyo majibu mengi yaliyosalia yanahusu namna ya kuipanga kazi ili iendelee hata siku ambazo ari haipo.

4. Je, nisubiri ari ije ndipo niandike?

Hapana. Robert Boice, mwanasaikolojia aliyetumia miaka mingi kuwachunguza wahadhiri wanaokwama katika uandishi, alichapisha mwaka 1983 utafiti uliolinganisha waliosubiri kujisikia na waliowekewa sharti la kuandika kwa ratiba. Wenye sharti waliandika kurasa nyingi zaidi, na pia walipata mawazo mapya mengi zaidi. Hilo la pili ndilo linalofaa kukumbukwa, kwa kuwa wengi wanaamini kwamba ratiba huua ubunifu.

## Takwimu

5. Niangalie takwimu mara ngapi?

Mara moja kwa mwezi inatosha kwa mwandishi mchanga, na isiwe siku ya kuchapisha. Zawadi inayokuja kwa nyakati zisizotabirika humfunga mtu kuliko inayokuja kwa utaratibu, B. F. Skinner na Charles Ferster walionyesha jambo hilo kwa njiwa katika utafiti waliouchapisha mwaka 1957, na ukurasa wa takwimu unaofunguliwa kila baada ya dakika kumi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mara nyingi hukuti kitu, kisha ghafla unakuta wasomaji watano wapya, na hao watano wanakurudisha kwenye ukurasa huo siku nzima.

Nia peke yake haitoshi hapa. Ondoa programu ya takwimu kwenye simu, zima arifa zake, na utoke kwenye akaunti kila unapomaliza ili kuingia tena kuwe na usumbufu. Ripoti ya mwezi ikifika, andika katika daftari mambo mawili au matatu uliyojifunza, kisha uifunge.

6. Nina wasomaji wachache sana. Ni takwimu zipi zina maana yoyote?

Idadi ndogo hudanganya. Tovuti iliyotoka kwenye matembezi 20 hadi 30 kwa mwezi haijakua kwa nusu. Huenda mtu mmoja ameituma makala kwa kundi la marafiki. Sehemu ya matembezi hayo pia si ya watu, kwa kuwa roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, hupita kwenye kurasa usiku na mchana, na si kila chombo cha kupimia huzichuja. Wenye majarida ya barua pepe wana tatizo la ziada: tangu Septemba 2021 programu ya barua pepe ya Apple inaweza kupakua picha za ujumbe yenyewe, kabla msomaji hajaugusa, na hivyo ujumbe huonekana umefunguliwa hata kama haukusomwa. Kiwango cha kufunguliwa, ambacho wengi bado hukitazama kwa wasiwasi, hakifai tena kuwa kipimo cha furaha ya mtu.

Vyenye maana ni vile ambavyo roboti haiwezi kuviiga kwa urahisi: msomaji aliyejibu barua yako, aliyesoma makala ya pili siku hiyohiyo, aliyekunukuu mahali, au aliyerudi baada ya miezi kukuuliza kama ulilifuatilia jambo fulani. Tazama pia maneno ambayo watu waliyaandika katika injini ya utafutaji kabla ya kukufikia. Orodha hiyo, hata ikiwa na mistari sita tu, inakuonyesha watu wanataka kujua nini kwa maneno yao wenyewe, na mara nyingi ina ndani yake makala yako inayofuata.

7. Watu wanasoma lakini hakuna anayesema neno. Je, kazi yangu haina thamani?

Ukimya ndio hali ya kawaida ya wasomaji. Mwaka 2006 Jakob Nielsen alieleza kanuni ya kukadiria kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 ya watu husoma tu, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndiyo inayotoa michango mingi. Si sheria ya maumbile, lakini inasaidia katika kukadiria. Ukiwa na wasomaji 50 na hakuna hata mmoja aliyeandika, hiyo haiwezi kuitwa hukumu.

Namna unavyouliza pia huchangia. Kumalizia kwa kusema “naomba maoni yenu” humpa msomaji kazi kubwa isiyo na mipaka. Swali dogo, kwa mfano “je, wewe humwonyesha mtu rasimu kabla ya kuchapisha?”, linajibika kwa mstari mmoja akiwa bado ameshika simu. Atakapojibu, mjibu kwa jina lake na kwa urefu. Hii ni fursa ambayo mwandishi mwenye wasomaji laki moja hana tena.

## Ratiba na watu

8. Nichapishe mara ngapi?

Chagua mwendo ambao ungeumudu katika wiki yako mbaya kuliko zote, si katika wiki nzuri uliyokuwa nayo ulipoanza. Makala moja kwa wiki mbili inayofika bila kukosa inafaa kuliko tatu kwa wiki kwa mwezi mmoja na kisha kimya. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, aliandika riwaya zake alfajiri kabla ya kwenda kazini posta, saa yake ikiwa mezani, akijitaka maneno 250 kila robo saa. Si lazima kumwiga katika hesabu, lakini utaratibu wake wa kujiwekea kiasi kinachotegemea mkono wake mwenyewe ndio unaofaa kuigwa: maneno yaliyoandikwa yako chini ya uwezo wako, waliojisajili hawako.

9. Nimekosa wiki mbili. Je, nimeharibu kila kitu?

La. Phillippa Lally na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya na kuona kwamba kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana ujenzi wa mazoea hayo. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tendo lijiendee lenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Wiki mbili ni ndefu kuliko siku moja, bila shaka, na ndiyo sababu ya kurudi na kitu kifupi unachoweza kukimaliza katika kikao kimoja. Usifungue makala kwa kuomba radhi kwa kuadimika. Wasomaji wengi hawakugundua, na waliogundua wanataka makala.

10. Ndugu na marafiki zangu hawasomi ninachoandika. Nifanye nini?

Usifanye lolote. Mtu anaweza kukupenda kwa dhati na asivutiwe hata chembe na mada yako, kama ambavyo wewe huifuatilii kila kazi anayoifanya yeye. Kuwashurutisha kuna hasara mbili: husoma kwa hisani, na sifa zao hazikufundishi chochote. Watafute wasomaji pale ambapo mada yako tayari inazungumzwa.

11. Mwenzangu alianza baada yangu na sasa amenipita mbali. Nafanyaje ili hilo lisinivunje moyo?

Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba watu hujipima kwa kujilinganisha na wenzao, hasa pale ambapo hakuna kipimo kingine kilicho wazi, na huwachagua wale wanaofanana nao. Ndiyo maana mafanikio ya mwandishi mashuhuri hayakuumi, na ya rafiki uliyeanza naye yanakuuma. Kujikataza kujilinganisha ni kazi bure. Lililo rahisi zaidi ni kubadili kinacholinganishwa: soma makala zake tatu kwa kalamu mkononi, uandike amefanya nini ambacho wewe hukifanyi katika mada, katika mwanzo, au katika namna anavyozisambaza. Wakati mwingine utaona jambo la kujifunza. Wakati mwingine utaona alinukuliwa na mtu mwenye wasomaji wengi katika wiki yake ya pili, na hapo rejea swali la 1.

## Wakati wa shaka

12. Nitajuaje kama kinachohitajika ni muda tu, au kazi yenyewe ina kasoro?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na waandishi wengi hulikwepa kwa kujiambia kwamba wakati wao utafika. Subira isiyochunguza chochote inaweza kumla mtu miaka.

Anza na makala kuonekana. Huduma ya Google ya Search Console, ambayo ni ya bure, huonyesha ni mara ngapi ukurasa wako umejitokeza katika matokeo ya utafutaji na ni mara ngapi umebofywa. Ikiwa haujitokezi kabisa, huenda Google bado haijauorodhesha, au hakuna anayetafuta jambo ulilolieleza. Ikiwa unajitokeza mara nyingi na haubofywi, mtuhumiwa wa kwanza, kama ukurasa haujazikwa mbali chini ya matokeo, ni kichwa cha makala. Tuseme umeandika maelezo mazuri, hatua kwa hatua, ya kuandika barua ya kuacha kazi, kisha ukayaita “Kila lenye mwanzo”. Mtu anayehitaji barua hiyo usiku wa leo atakipita kichwa hicho bila kusita. Makala hiyohiyo ikiitwa “Jinsi ya kuandika barua ya kuacha kazi na kubaki na uhusiano mzuri na mwajiri” inajieleza kabla haijafunguliwa. Badilisha kichwa, subiri mwezi mmoja au miwili, kisha ulinganishe.

Ikiwa watu wanabofya na kuondoka mara moja, tatizo liko ndani. Mpe makala mtu asiyekujua vizuri, umwombe aweke alama pale alipotaka kuacha kusoma, na usimweleze chochote wala kujitetea. Akiweka alama katika aya ya pili, na mwingine naye akaweka hapohapo, umepata jibu ambalo hakuna kiasi cha kungoja kingekupa. Na ikiwa wachache wanaofika wanasoma hadi mwisho, wanarudi, na wanawaletea wengine, basi kazi ni nzima na kilichobaki kweli ni muda na usambazaji.

13. Nibadili mada nifuate zinazovuma?

Kusogea kidogo kuelekea maswali ambayo watu wanayauliza ni busara, kama ilivyoelezwa katika swali la 6. Kuhama kabisa kwenda kwenye mada usiyoijali ni jambo jingine, kwa sababu huenda nako ukuaji ukawa wa polepole vilevile, na safari hii utakuwa umebaki bila hata raha ya kuandika.

14. Je, kuanza kulipwa kutanirudishia ari?

Kunaweza kusaidia, na kunaweza kudhuru. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walipungukiwa na hamu ya kuchora baadaye, walipoachwa wajichagulie cha kufanya. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa. Mtu mzima anayelipa kodi ya nyumba si mtoto mwenye kalamu za rangi, na si aibu kutaka malipo ya jasho lako. Tahadhari yangu ni ya wakati: malipo yakiingizwa ukiwa na wasomaji wachache sana, kiasi kitakachopatikana kitakuwa kidogo mno, na kila makala itaanza kupimwa kwa kiasi hicho.

15. Ninunue wafuasi ili nianze kuonekana?

Usinunue. Akaunti hizo hazisomi, zinavunja masharti ya majukwaa makubwa, na zinachafua takwimu chache za kweli ulizonazo.

## Hali zisizo za kawaida

16. Makala moja ilisomwa na maelfu, kisha kila kitu kikarudi palepale. Kwa nini najisikia vibaya kuliko mwanzo?

Kwa sababu kipimo kimehama. Jana wasomaji 40 walikuwa habari njema, leo wanaonekana kama kuporomoka. Ondoa mwezi huo katika hesabu, linganisha mwezi uliotangulia na unaofuata, na utaona mara nyingi kwamba umebaki juu kidogo ya ulipokuwa. Kisha rudi kwenye makala hiyo iliyovuma uweke mwishoni mwake viungo viwili vya makala zako zinazohusiana nayo na njia ya kujisajili, kwa kuwa wageni wataendelea kuingia kupitia mlango huo. Usijaribu kuiandika tena kwa sura nyingine.

17. Jukwaa limebadili algoriti yake, yaani kanuni za kuamua nani aonyeshwe nini, na wasomaji wangu wametoweka. Je, naanza upya?

Kwa sehemu, ndiyo, na uchungu wake ni halali, kwa sababu hukukosea lolote. Majukwaa hubadilika na wakati mwingine hufungwa. Google ilifunga huduma yake ya Reader Julai 2013, na waliozoea kuwafuata waandishi kwa njia hiyo ilibidi watafute nyingine. Kinachopunguza hasara ni kuwa na orodha ya anwani za barua pepe za wasomaji waliokubali kuandikiwa, unayoweza kuihamisha popote, na kuhifadhi nakala ya kila makala kwenye kompyuta yako. Watu ishirini walio katika orodha hiyo wana uzito kuliko wafuasi elfu ambao jukwaa linaweza kuamua kesho wasikuone.

18. Je, kuna wakati ambapo kuacha ni sawa?

Upo. Ikiwa umeyafanya yaliyo katika swali la 12 kwa uaminifu, na kuandika kwenyewe, si takwimu, ndiko kunakokuchosha, hakuna deni unalodaiwa na mtu yeyote. Ikiwa unachokichoka ni kuchapisha na kusambaza, unaweza kuendelea kuandika bila kuchapisha. Emily Dickinson aliacha takriban mashairi 1,800 na yaliyochapwa akiwa hai hayazidi kumi hivi, ingawa sidhani kwamba kila mtu anapaswa kuyatamani maisha hayo.

Ukiamua kuacha, acha kwa mpango. Waandikie waliojisajili ujumbe mfupi, ufute anwani zao kama hutazitumia tena, na ujue tarehe ambayo malipo ya jina la tovuti yanaisha, kwa sababu likiachwa linaweza kusajiliwa na mtu mwingine kwa shughuli usiyoipenda. Makala unazotaka ziendelee kupatikana, ziwasilishe kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za tovuti inayoendeshwa na Internet Archive, kabla ya tarehe hiyo, kisha ufungue nakala moja baada ya nyingine kuhakikisha kwamba imehifadhiwa pamoja na picha zake.